Jagi la Oili kule Pinetown

Mjomba wangu kule Uvira alikuwa na mashine ya kusaga muhogo, na alikuwa pia na wake wawili wasiosalimiana, lakini hayo tuyaache. Akina mama wakishapanga mabeseni yao, yeye alitoka nje kwanza kuangalia moshi. Moshi mweusi, dizeli imezidi. Mweupe, maji yameingia. Wa buluu, injini inakula oili. Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililirudia, lakini rangi za moshi nilizijua.

Njo maana siku yangu ya kwanza katika garaji ya magari ya mbio, hapa Pinetown kwa Wazulu, sikukaa sana na ufagio. Waliniandika kufagia. Gari likawashwa, nikaangalia moshi, nikamwambia msimamizi, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba lile gari linakula oili. Alicheka. Mchana wakafungua injini, wakakuta ringi za pistoni zimechoka. Ringi ni vile vyuma vya mviringo vinavyozuia oili isipande kwenye chumba cha moto. Kesho yake ufagio akapewa mtu mwingine.

Nyinyi mnaoangalia mbio kwenye televisheni mnafikiri ni dereva tu. Dereva ni mtu mzuri, sikatai. Lakini oili ikipanda kidogo ikaungua pamoja na petroli, gari linapata nguvu ya ziada, na timu zingine zilikuwa zinaichoma makusudi. Wakubwa wa mashindano wakaweka kipimo: kwa kila kilomita mia, oili inayopotea isizidi kiasi fulani. Kazi yangu, miaka kumi na mmoja, ilikuwa kupima. Jagi kubwa la kioo lenye mistari. Oili baridi kabla ya mbio, oili baridi baada ya mbio. Baridi, kwa sababu oili ya moto inavimba. Mkaguzi wa mashindano, Mzulu mmoja mpole, mwishowe aliacha hata kuinama kuangalia. Alikuwa ananiuliza tu, "Baba, ngapi?" Namwambia, anaandika.

Msimu wangu wa mwisho sheria ikabadilika katikati. Injini mpya itakayoletwa baada ya likizo ingepewa kipimo kidogo zaidi. Iliyopigwa lakiri, ule muhuri wa kuzuia injini isifunguliwe, kabla ya likizo ingebaki na kipimo cha zamani. Basi ikawa mbio za kuwahi lakiri. Injinia Mkuu wetu, dada wa Kenya mwenye akili sana, akafunga injini mpya haraka, ringi hazijazoeana hata na silinda. Nilimwambia itakunywa oili. Akasema, "Mzee, wacha tu, itajipanga."

Ikajipanga kweli, tukashinda. Jumatatu, mkaguzi yuko njiani kuja kukata lakiri, nasikia injini inaunguruma. Injinia ameiwasha, eti oili ikiwa moto inatoka yote. Ni kweli inatoka yote. Lakini nilipoimimina kwenye jagi mbele ya mkaguzi, nikaona tumo ndani ya kipimo chupuchupu, na nikajua ikipoa tutakuwa nje. Ushindi wa timu nzima ulikuwa unafuka moshi mle ndani ya jagi.

Mkaguzi akatoa kalamu. "Baba, ngapi?"

Nikamwambia chai kwanza. Eish, mtu yule chai hakatai. Nikamletea na amagwinya, maandazi ya huku, manne, moja moja. Nikamuuliza habari za binti yake anayesoma, anayepanga chumba kule Berea, na za goti lake, na za goti la mke wake. Muda wote huo oili inashuka. Nusu mstari. Mstari. Injinia ameegemea mlango, anaitazama kama mtu aliyeachwa na basi.

Mkaguzi alipomaliza la nne akafuta vidole, akainama mwenyewe.

Injinia akanisogelea, akasema kwa Kiswahili ili mwenzetu asielewe: "Mzee, mwambie ulimwaga kidogo. Mwambie hukumaliza shule, ulichanganyikiwa. Atakuhurumia, na ushindi utabaki."

Sikukasirika. Alikuwa kijana, na bosi alikuwa anamsubiri na maswali yake.

"Binti yangu," nikamjibu, "shule sikumaliza. Lakini kumwaga, sijawahi."

Siku hizi nashinda Umbilo, kwenye saluni ya mke wangu, natengeneza mashine za kukausha nywele. Wateja wananiuliza kama najuta, maana kikombe cha ushindi kilirudishwa. Nawaambia kupima ni kazi tamu, ukishapima unalala.

Siku ile mkaguzi aliuliza tena, polepole, "Baba, ngapi?" Nikamwambia ngapi. Nikaosha jagi, nikalikausha, nikaning'iniza ovaroli, nikatoka na mabuti ya kazi miguuni. Kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, nilikuwa tayari napiga mluzi. Sikurudi tena, na viatu vyangu vya kanisani viko kule mpaka leo.