Kobe Aliyepotea Nyakuron

Tuliporudi Juba kutoka Kenya baada ya mkataba wa amani, baba alipata kazi kwenye bandari ya mtoni. Jumapili moja alituletea kobe wawili wa majini walionaswa kwenye nyavu za wavuvi kule Rejaf. Akachimba kidimbwi nyuma ya nyumba yetu ya Nyakuron, akatandika turubai na kujaza maji. Tangu hapo, jioni zetu zikawa za kobe. Mama, aliyewaona uchafu mwanzoni, ndiye aliyegundua kwamba hawarudishi shingo ndani kama kobe wa nchi kavu. Wanaikunja ubavuni, chini ya ukingo wa gamba. Yule mkubwa alizitambua hata nyayo za mama. Akimsikia tu, anaibuka.

Jirani yetu, mama wa Kiganda aliyekaanga samaki wa kuuza, aliingia uani kwetu kila mara na matumbo ya samaki ya kuwalisha. Siku moja alichuchumaa kando ya maji akauliza, "Hii munachunga tu, ama mutakula?"

"Tunawatazama," mama akamjibu.

"Watu wengine nakula. Supu yake iko mzuri."

Mama hakucheka.

Kiangazi kilipokaza, maji yakawa yanapungua kila tukiyajaza. Asubuhi moja yule mkubwa hakuwepo. Tulipekua chini ya vitanda, nyuma ya mapipa, hadi barabarani. Mama alikuwa amesimama akitazama moshi wa jirani.

"Leo ameinjika mapema," alisema.

"Kobe ana miguu," baba akamwambia.

"Na jirani ana sufuria."

Kuanzia hapo hatukununua tena samaki kwake. Mama alimsalimu bila kusimama. Mimi nilitumwa kuomba chumvi ili nichungulie jikoni, nikaona dagaa na ugali tu, lakini nilirudi nikijiuliza kwa nini alifunika sufuria nilipoingia. Dada yangu alichokora jalala akitafuta gamba, akaja na kipande kigumu cheusi. Baba alisema ni plastiki ya ndoo. Mama alikihifadhi hata hivyo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, jirani aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Mama, kuja. Mutu wenu iko hapa."

Tulimkuta kobe mahali jirani alipozoea kumwaga maji ya vyombo. Alikuwa amekonda, tope limemganda hadi machoni.

"Kwa nini kwake?" mama alininong'oneza.

Baba aliingiza mkono kwenye shimo alimotoka kobe. Udongo wa ndani ulikuwa umeshika umbo la gamba, laini kama bakuli.

"Alijifukia mwenyewe," baba alisema. "Alifuata unyevu, akangoja mvua."

Mama aliinama, akalitazama lile shimo.

"Ulikuwa unachunguza sufuria yangu," jirani akamwambia. "Mimi nilikuwa naona."

"Malesh," mama akasema. Ndivyo watu wa Juba wanavyoomba radhi.

Jirani alirudi kugeuza samaki wake.

Kesho yake alileta matumbo kama zamani, ila hakuingia. Aliyaning'iniza kwenye ua, ndani ya mfuko, na akafanya hivyo mpaka alipohama. Mama alimkaribisha chai mara nyingi.

"Iko kazi," alijibu kila mara, kwa upole, akiwa upande wake wa ua.