Mbuzi Wangu Walikosa Mlaji

Nilijua kwamba mzee aliyenilea si baba yangu siku alipokataa kula mbuzi wangu. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wake sawa na wadogo zangu wawili wa kiume. Alinichapa kama alivyowachapa, na Jumapili alinitanguliza mbele kanisani ili watu wa mtaa wetu wa Jericho waone viatu vyangu vinavyong'aa. Nitaendelea kumwita Baba humu ndani, si kwa mapenzi, ila mdomo umezoea.

Baba alikuwa mchongaji, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Kibanda chao cha wachongaji kilikuwa nyuma ya soko, na hapo ndipo nilipomfuata mchana mmoja, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, kumpa habari njema. Mchumba wangu, karani kama mimi, alikuwa amesema wazee wao wangekuja Jumamosi na mbuzi. Nilikuwa na haraka yangu. Tumboni mwangu kulikuwa na mtu, na aliyejua ni mimi na huyo mchumba peke yetu.

Asiye Mkamba acha nimweleze. Kwetu msichana hajaolewa mpaka waje mbuzi watatu, tunawaita ntheo. Ufunge ndoa kanisani, uvae pete mpaka kidole kivimbe, bila ntheo wewe ni mgeni tu kwa huyo bwana, na mtoto utakayezaa hana kwao. Mbuzi mmoja huchinjwa siku hiyo hiyo, na baba wa msichana ndiye anayekula kipande cha kwanza. Asipokula, hakuna ndoa. Na akila mtu asiye baba, tunaambiwa, atazika watoto wake mwenyewe mmoja mmoja.

Baba alikuwa anachonga sikio la twiga. Hakuinua macho.

"Hao mbuzi siwezi kuwala."

"Tumbo linakusumbua, Baba?"

"Tumbo ni zima. Wewe si wangu."

Akapuliza vumbi kwenye lile sikio, akaligeuza aone kama linalingana na la pili. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Wenzake walikuwa hapo wanapiga msasa, na hakuna aliyejifanya hakusikia. Nikauliza wangu ni nani basi, akasema ni mwanamume mmoja wa Ziwani, fundi wa stovu, aulizwe mtu yeyote kule.

"Mlete Jumamosi," akasema. "Tutasema ni ndugu yangu katoka nyumbani. Atakula kipande kimoja cha kwanza kama mkubwa wa ukoo, atakwenda zake. Wanawake watakuwa uani na sufuria, mama yako hatamwona. Na usimwambie."

Nikamwambia. Si yote, nilimwuliza tu, jioni hiyo akichagua mawe kwenye maharagwe, baba yangu ni nani. Mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Alikufa," Mama akasema. "Alikufa jela kabla hujaota meno. Na usiniulize tena. Hiyo pua yake naiona kila asubuhi ukiniletea chai, inatosha."

Jela! Nilikuwa nimeenda kutafuta baba mmoja, nikarudi na marehemu mfungwa. Lakini Baba alisema yuko hai, anatengeneza stovu. Mmoja wao alikuwa anadanganya, na mimi nilikuwa na siku chache kabla ya Jumamosi.

Nilifika Ziwani baada ya kazi. Nilimwuliza mama mmoja muuza sukuma wiki alipo fundi wa stovu, naye akanipima juu mpaka chini.

"Unamtaka yule jambazi? Yule aliyeua mlinzi?"

"Hakuua," akadakia mzee mmoja aliyekuwa akicheza drafti pembeni. "Alikuwa dereva tu."

"Dereva gani? Bunduki ilipatikana kwake!"

"Ilipatikana ndani ya gari. Gari na mtu ni kitu kimoja?"

Wakaanza kubishana juu ya baba yangu kama watu wanaobishania penalti, na mimi nimesimama katikati na mkoba wangu wa kazini. Nilichoambulia ni hiki: zamani, kabla sijazaliwa, gari la mishahara ya kiwanda kimoja liliporwa. Mlinzi akafa. Wengine hawakupatikana, huyu akapatikana. Akafungwa miaka mingi. Mama wa sukuma wiki akanionyesha nyumba kwa kidevu, bila kuacha kukata mboga zake.

Nilitegemea jitu. Nilimkuta mzee mwembamba ameketi kwenye kreti ya soda, ananuka mafuta ya taa, anavuta utambi mpya kwa koleo.

"Stovu iko wapi?" akaniuliza.

"Sina stovu."

Ndipo akanitazama, na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Pua ilikuwa ile ile. Hakuinuka, hakunipa hata kopo la kukalia.

"Mama yako hajambo?"

"Anasema ulikufa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na mimi niliambiwa yeye ndiye aliyekufa. Alipokuwa akijifungua, yeye na mtoto. Mchongaji alikuja jela mara moja tu, akaniletea sabuni na hiyo habari."

Akanisimulia akiendelea na kazi yake, bila kupandisha sauti. Yeye na mchongaji walikuwa chanda na pete. Katika kulipora lile gari la mishahara walikuwa wote, alisema, yeye usukani, mchongaji nyuma. Nani alimpiga mlinzi risasi? Akanijibu kwamba aliyeendesha alikuwa anatazama barabara. Siku mbili tatu baadaye, akijua polisi wanamkaribia, alimpa rafiki yake fungu lake lote na kumpa kazi moja tu: anunue mbuzi watatu, awapeleke kwa babu yangu kwa jina lake, ili mtoto wa tumboni azaliwe ana kwao.

"Akanunua," akasema. "Alikuwa mtu wa kutegemewa. Akawapeleka. Kwa jina lake yeye, si langu."

"Na ulipotoka? Mbona hukuja?"

"Nilikuja Jericho kumtafuta mchongaji. Nikakuona unaruka kamba. Nikamwona mama yako ana mwingine mgongoni. Ningefanya nini, niibe tena?"

Nikamweleza shida yangu, ya Jumamosi na ya kipande cha kwanza. Hapo akaweka koleo chini, akajipiga paja.

"Ala! Hakuogopa bunduki, anaogopa nyama! Mwambie nitakuja. Mwambie nitakuja na njaa."

Nilirudi nimejaa hasira mpaka masikio yanawaka. Kesho yake nilikwenda kibandani nikamwambia Baba kila neno. Hakushtuka. Alisema mfungwa ana muda mwingi wa kutunga, na kwamba katika maisha yake hajawahi kushika bunduki.

"Sawa," nikasema. "Kama anasema uongo, basi mbuzi waliopelekwa kwa babu walikuwa wako, na Mama ni wako, na aliyekuwa tumboni mwake ni wako. Anayelipia ng'ombe amelipia na ndama. Kula wewe."

Akachukua tezo, akaanza kukata gogo la mhugu ambalo hata halikuwa na umbo. Alikata na kukata, jasho likimtiririka. Mimi sikuhitaji hakimu. Mzee wa kanisa aliyeniombea chakula miaka yote hiyo alikuwa ameniweka mimi na wanawe wawili kwenye mizani, na mimi nikawa mwepesi.

Mtauliza kwa nini sikumwambia Mama. Kwa sababu tumbo halingojei, jamani. Nilitaka kipande kimoja cha nyama kiingie kinywani mwa mwanamume mmoja, yeyote yule, basi. Wakitaka kuchinjana, wachinjane Jumapili.

Jumamosi wakaja. Baba mkwe mtarajiwa, wajomba, mchumba wangu amevaa tai. Mbuzi wawili wakafungwa kwenye bomba la maji uani, wa tatu akachinjwa, na harufu ya nyama ikaenea mtaa mzima. Yule wa Ziwani alifika amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi, ameoga, hanuki hata tone la mafuta ya taa. Baba akamtambulisha kama ndugu yake kutoka nyumbani. Wakashikana mikono. Wakaulizana habari za mvua! Nilikuwa nachungulia kutoka chumbani.

Aliyepangwa kuwanawisha wageni mikono ni binamu yangu. Lakini Mama alikuwa mtu wa majivuno, na alitaka kuwaona wakwe zake kwa macho yake. Akamnyang'anya binamu birika, akaingia.

Akamnawisha baba mkwe. Akawanawisha wajomba. Akafika kwenye koti la kijivu, akainama, akaanza kumimina, kisha akaiona ile pua. Hakupiga kelele. Aliendelea kumimina tu. Bakuli likajaa, maji yakamwagika kwenye suruali ya yule mzee, yakashuka mpaka kwenye viatu, na birika likakauka akiwa bado ameliinamisha.

"Asante, mama," yule mzee akasema. "Imetosha."

Mama akatoka na birika. Wageni walidhani ni uzee wa macho. Sahani ya kwanza ikaletwa, Baba akamsogezea ndugu yake wa bandia, akasema kwa heshima, "Tuanzie kwako."

Yule wa Ziwani akaitazama ile nyama. Kisha akairudisha sahani kwa kidole kimoja.

"Kula wewe. Umezoea kula vyangu."

Mjomba mmoja wa mchumba wangu, mtu mwenye sauti nene, akauliza, "Samahani, kwani hapa baba wa msichana ni yupi?" Baba alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono yote miwili. Ndipo Mama akajibu kutoka mlangoni.

"Ni huyo maiti mwenye koti."

Yaliyofuata yalitoka kama maharagwe kwenye gunia lililopasuka. Gari la mishahara, jela, mlinzi, mbuzi wa babu. Baba alisema yule ni mwongo, yule akasema basi kula. Kila Baba alipofungua mdomo kujitetea, yule mzee aliigonga sahani tu kwa kucha. Kula. Mbona huli? Na Baba, mbele ya watu wote, hakuweza. Wanawe walikuwa wamesimama mlangoni nyuma ya Mama wakimtazama, na mpaka leo sijui kama walielewa kwamba alikuwa anavuliwa nguo kwa ajili yao.

Baba mkwe alisimama akatafuta kofia yake. "Tulikuja kuoa," akasema, "hatukuja kusikiza kesi. Mtoto wa haramu tungempokea. Hii damu ya mlinzi, hapana." Wakafungua mbuzi wawili pale bombani. Huyo wa sufuriani wakatuachia. Mchumba wangu alikuwa wa mwisho kutoka, anaangalia viatu vyake, akaniambia tutaongea Jumatatu. Jumatatu hiyo bado naingoja.

Nilimkimbilia yule wa Ziwani, nikamkuta ameshafika kwenye kona. Nilimtukana. Nilimwambia ana roho mbaya, kwamba sahani ilikuwa mbele yake, kipande kimoja tu, kipande kimoja na mtoto wangu angekuwa na kwao. Hakukasirika. Alingoja nimalize, halafu akaniuliza.

"Ulipokuja Ziwani, ulinitafuta mimi, au ulitafuta mdomo wa kula mbuzi?"

Sikuwa na nguvu za kudanganya. "Mdomo," nikasema.

"Basi. Mbuzi wako ndio wale wanaelekea barabarani. Wafuate."

Akaondoka, suruali yake bado imelowa. Sikumwona tena, wala sikumtafuta.

Nyama ile hakuna aliyeigusa kwetu. Mama aliibeba na sufuria yake akawapa majirani, watu wa magharibi ya nchi, ambao mila yetu haikuwahusu hata kidogo. Wakaila pamoja na supu, wakarudisha sufuria imesuguliwa, wakatushukuru. Mama aliendelea kuishi na Baba. Alimfulia, alimpikia, alikaa naye benchi moja kanisani. Lakini sikumwona tena akimnawisha mikono. Na mimi, siku tumbo lilipoanza kuonekana, aliniambia maneno haya akikunja nguo: "Mpaka Jumamosi ile mimi nilikuwa na mume na wewe ulikuwa na mchumba. Ungeninong'oneza tu." Kisha akaniambia nimpitishie lile shati la Baba.

Nilizaa msichana. Ana ile pua. Watu wa kwetu wameanza kunong'ona, maana amekua, na kuna kijana anayemsindikiza mpaka mlangoni. Wanaulizana mbuzi wakija wataliwa na nani. Waje tu. Nitakaa kwenye kiti mimi mwenyewe, mwanamke na kitambaa changu kichwani, nile kipande cha kwanza, cha pili na cha tatu, na mifupa nitaitafuna.