Siku Niliyofuta Onyo la Kofia

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla Leonsia hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi.

Nilikuwa kibarua wa kompyuta kwenye kampuni moja ya kununua mahindi hapa Sumbawanga, enzi zile watu binafsi ndio kwanza wameruhusiwa kununua, na kazi yangu ilikuwa kuangalia programu iliyotunza kila toleo la mafaili yetu, ili mtu akiharibu la leo arudi kwenye la jana. Pale yalipotunzwa tulipaita ghala. Sasa programu ile ilikuwa na ugonjwa wake: wawili wakiingiza kazi kwa pamoja, ghala zima linavurugika, ndiyo maana kwenye mwongozo niliandika onyo kwa herufi nene kwamba anayeingiza avae kofia ya sufu ya ofisi, na wengine wakiiona kichwani mwake watoe mikono kwenye kibodi (kwa baridi yetu hii, kuna waliokuwa wanaivaa hata hawana cha kuingiza).

Likaja toleo jipya la programu lisilo na ugonjwa huo. Nikaliweka kwenye mashine yangu, nikalijaribu, nikafurahi, nikafuta onyo kwenye mwongozo na kofia nikaifungia kwenye droo. Mashine ya Leonsia, dada wa stoo, nikasema nitaishughulikia baada ya chai. Kabla ya chai wakaingia wenye kampuni kutoka Dar, na meneja alishaniambia wakiridhika naajiriwa, wasiporidhika narudi kijijini Pito kulima.

"Leonsia," nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "ingiza, na mimi naingiza, wote pamoja."

"Kofia je, kaka?"

"Hayo ya zamani."

Tukabonyeza. Ghala likavurugika mbele ya wageni, mwongozo wangu mpya ukiwa humohumo, na mimi nikatokwa jasho katikati ya Julai.

Ikabidi nirudishe nakala ya jana kutoka kwenye disketi. Meneja akauchapa mwongozo wa jana uliokuwemo, akaanza kuwasomea wageni, akafika kwenye onyo la kofia, akalisoma huku akinitazama.

"Onyo zuri hilo," akasema mama mmoja kati ya wageni. "Nani kaliandika?"

"Mimi, mama."

"Na ndiye aliyelifuta asubuhi hii," akadakia Leonsia.

Wakacheka mpaka na mimi nikacheka, japo nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwajirini," yule mama akamwambia meneja. "Akiondoka, nani atatueleza alichoharibu?"

Basi kazi nimeipata kwa aibu, lakini nimeipata, na ninaipenda. Ila onyo silifuti tena kabla sijapita kila mashine, nikianzia na ya Leonsia.