Chura wa Mpira katika Bwawa la Igombe

Mke wangu alipokwenda Dar es Salaam kumlea mjukuu wetu, tulikubaliana angekaa hadi mtoto aanze kutambaa. Mtoto akatambaa, akasimama dede, akatembea. Mimi bado nasonga ugali wa mtu mmoja katika nyumba yetu ya Tabora, kwenye sufuria ileile tuliyowapikia watoto wetu.

Nilikuwa nimestaafu ufundi wa reli. Mkwe wangu, mume wa binti yetu, ambaye huvua samaki kwa kujifurahisha huko pwani, nadhani alinihurumia. Akanitumia fimbo yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, pamoja na vyambo vitatu vya bandia.

"Hivi havizami, baba," alinieleza kwenye simu. "Vinaelea. Samaki anavifuata mwenyewe juu."

Kimoja kilikuwa chembamba, mfano wa kalamu nene. Cha pili kilikuwa na mdomo uliobonyea. Ukikivuta kwa kukishtua, kinameza maji na kutoa mlio. Cha tatu kilikuwa chura wa mpira, ndoana zake zimelazwa mgongoni ili zisinase kwenye majani.

Nikapanda baiskeli hadi bwawa la Igombe. Nilichagua kile chenye mlio, si kwa ujuzi wowote, ila kwa sababu nyumbani kwangu palikuwa kimya mno. Asubuhi nzima nikakirusha na kukivuta juu ya maji yaliyotulia tuli. Nadhani niliwafukuza samaki wa upande ule wote.

Mama mmoja aliyekuwa akinywesha mbuzi akasimama kunitazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Unamwita nani humo majini?"

"Kambare."

"Na anaitika?"

"Bado."

Akacheka, akaswaga mbuzi wake. Nikiwa njiani kurudi nikatambua kwamba tangu ibada ya Jumapili sikuwa nimezungumza na mtu uso kwa uso.

Nikawa naenda mara kwa mara. Nilijifunza kwamba maji yakitulia unafaa ule mfano wa kalamu, unautikisa taratibu uende upande huu na huu kama kidagaa kilichojeruhiwa. Upepo ukiinua mawimbi, ndipo chambo cha mlio kinasikika. Penye yungiyungi, ni chura tu. Kilichonisumbua zaidi ni haraka. Kambare anapovamia, maji yanaruka, na mkono unavuta wenyewe, unamnyang'anya kabla hajafumba mdomo. Inabidi ungoje hadi uusikie uzito wake kwenye mshipi. Wangapi walinikimbia kabla sijaizoea subira hiyo!

Jioni moja ya mawingu nilimburuta chura juu ya majani ya yungiyungi, nikamwacha atulie kwenye uwazi mdogo. Majani yakainuka. Maji yakapasuka. Nikajizuia, nikangoja, kisha mshipi ukakaza na fimbo ikapinda. Nilipomtoa kambare, alikuwa na urefu wa mkono wangu, mweusi, masharubu yakimcheza. Nikageuka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu, hata yule mama wa mbuzi.

Nikampigia mke wangu palepale, mikono ikinuka shombo.

"Mkubwa kiasi gani?"

"Mkono mzima."

"Makubwa! Sasa utamla na nani?"

Nikamlaza kambare majanini. Naye akaendelea, "Binti yako amepangiwa zamu za usiku. Siwezi kumwacha mtoto sasa, baba watoto."

"Najua."

Nilimpasua yule kambare, nikampaka chumvi, nikamkausha kwa moshi uani, nikakaa na moto wake hadi ukafifia. Asubuhi nikamfunga vizuri, nikampeleka kwenye basi la Dar es Salaam. Sikujibakizia hata kipande.

Mke wangu alipompata yule kambare alinipigia.

"Umezidisha chumvi," alisema, kinywa kikiwa kimejaa.

Nikamwomba asikate simu. Hakukata. Aliendelea kula, nami nikakaa kitandani nikimsikiliza akitafuna.