Kumtafutia Wenzake Samaki Mwenye Koo Jekundu

Muuzaji wa samaki wa mapambo pale Kitale alinidanganya mchana kweupe. Alitia kwenye ndoo moja samaki mwenye koo jekundu, mrefu kama kiganja changu, akaongeza wengine sita wembamba wanaong'aa kama pini. Akafunika. "Hawa wataishi kama ndugu, mama."

Kama ndugu! Jumatatu walikuwa sita. Jumatano walikuwa wanne. Ijumaa asubuhi binti yangu alisimama mbele ya tangi na sare yake ya chekechea, darasa la PP2, akahesabu kwa kidole hadi akakosa cha kuhesabu.

"Mama, amebaki peke yake."

Niseme tangi lilitoka wapi. Tulikuwa tumehama kutoka Bungoma wakati wa likizo, mimi na yeye, kwa sababu nilipata kazi kwenye duka la dawa za mifugo Kitale. Baba yake alibaki Bungoma kazini, huja wikendi. Kwenye ploti tuliyopanga nyumba kuna watoto wanne wa rika lake, na hao watoto walikuwa na ngazi yao ya saruji kando ya mfereji. Kila binti yangu alipokaribia, walimwambia, "Hapa ni kwetu. Rudi Bungoma." Nilizungumza na mama zao. Mmoja akaniambia ati watoto ni watoto. Nilitamani kummwagia beseni la maji ya kufulia. Badala yake nilienda kwa fundi wa vioo vya madirisha nikamwambia anitengenezee tangi la futi nne, mtoto wangu awe na kitu cha kutazama nyumbani. Samaki mwenye koo jekundu, binti yangu alimchagua mwenyewe.

Sasa binti yangu alikuwa amemgeukia samaki huyo huku mkoba wa shule ukiwa mgongoni. "Kwani yeye pia amehamia?"

Nilienda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni nikauma kanga.

Baba yake akapiga simu, akasikia habari, akacheka. "Si mkaange tu?"

"Wewe nyamaza," nikamwambia, nikakata.

Saa ya chakula cha mchana nilikuwa kwa muuzaji.

"Mama, huyo ni sikilidi," akasema. "Sikilidi ana hasira kidogo."

"Kidogo? Amemaliza ukoo mzima!"

"Basi si nikuuzie wengine?"

"Uniuzie chakula chake kwa bei ya wageni? Bana, niheshimu."

Jioni nilimwahidi mtoto wangu kwamba nitamtafutia samaki wake marafiki, na hao marafiki hawatakufa. Alinitazama vile watoto hutazama mtu mzima ambaye ameshawahi kusema uongo. "Sema haki ya Mungu." Nikasema. Hapo nikawa nimejifunga.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kwetu kabisa. Bungoma, mwenye kidimbwi cha ngege, wale tilapia, hutia mumi ndani, yule samaki wa masharubu asiye na magamba, ili apunguze vitoto visijae. Kila mtu anajua hivyo. Nikasema, huyu mwonevu anataka mkubwa wake. Nikaenda nyumbani Kabuchai, huko huko Bungoma, jirani ya mama mkwe akanichotea mumi mdogo, urefu wa kiganja, ambaye angekua haraka. Nikarudi naye Kitale najiona mjanja wa dunia.

Wiki ya kwanza, amani. Nilijisifu mpaka kazini. Lakini mumi anakula vile mtu anakula kwenye harusi ya watu. Baada ya mwezi na kitu alikuwa ameshampita mwenzake. Nikaanza kumkuta yule wa koo jekundu amejibana nyuma ya pampu, mkia umechanika, hatoki hata nikitupa chakula. Binti yangu, ambaye alikuwa amemlilia kila mmoja wa wale sita, sasa alimlilia muuaji mwenyewe.

"Ulisema haki ya Mungu," akaniambia.

Nilishikwa na hasira, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumrushia. Nilikuwa nimeleta askari kwa nyumba nikamwita rafiki.

Jumamosi hiyo nilimtia mumi kwenye ndoo nikamrudisha Kabuchai. Baada ya kumwachilia kidimbwini nilipita kwa mama mkwe, nikamkuta uani ametoa kuku wote nje, anavutana na banda lake la mbao.

"Mayi," nikamwita, kama kwetu tunavyomwita mama, "unafanya nini?"

"Nimeleta majike mawili mapya. Shika huko, tugeuze. Mlango uangalie migomba."

Tukageuza. Kisha akang'oa vijiti vya kulalia akavipiga upande mwingine, akahamisha viota, akatupa majani ya zamani. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue hivyo kwa kuku wawili.

"Nikiwaweka tu, wenyeji watawadonoa mpaka damu," akasema. "Sasa wapya wanaingia kwanza. Wenyeji wakirudi, hawajui kwao ni wapi. Wote ni wageni."

Nilisimama na kijiti kimoja cha kulalia mkononi. Nililiona tangi langu, nasema kweli.

"Na umewachagua vipi hao wawili?"

Akanitazama kama nimeuliza jua hutoka wapi. "Si lazima watoshane na wale wangu? Mdogo ataonewa, mkubwa ataonea. Na angalia, wangu ni wekundu, hawa ni weusi. Ukileta anayefanana na yule mkali, atadhani amekuja kumrithi."

"Mayi, na samaki je?"

"Mimi samaki namjua kwa sufuria tu," akasema, tukacheka hadi kuku wakakimbia.

Jumamosi iliyofuata mkia wa samaki ulikuwa umeanza kupona. Nilifika kwa muuzaji na karatasi, mtoto wangu amenishika sketi. Nilimuuliza muuzaji: nani hawezi kuingia kwenye mdomo wa huyu wangu? Nani haogelei chini, maana chini ndiko anakojidai? Nani ana mbio? Nani hana koo jekundu wala umbo kama lake? Na nani anapenda maji ya aina moja naye?

"Mama, leo umekuja na mtihani," akasema, lakini nikaona amenyooka. Kumbe alikuwa anajua. Hakuwahi kuulizwa tu. Alitupeleka kwenye tangi la nyuma akatuonyesha samaki wa kijani ambao dume wao ana mkia uliochongoka kama upanga, wakubwa kiasi, wenye mbio, wanaokaa juu. "Hawa, watano. Majike wawe wengi, dume mmoja, wasisumbuane."

"Wakifa nitakuletea mimi mwenyewe," binti yangu akamwambia. Muuzaji hakucheka.

Nyumbani tulifanya kama Kabuchai. Nilimtoa mwenye koo jekundu nikamweka kwenye ndoo safi ya maji yake. Mtoto akapanda stuli, akakunja mikono ya sweta, akahamisha kila jiwe. Pango la samaki, ambalo lilikuwa chungu kilichovunjika, likaenda pembe nyingine. Majani tukayapanda katikati. Wale watano nikawaongezea maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwenye ndoo yao, nusu saa nzima, mtoto ananiuliza kila kikombe, "Sasa? Sasa?" Kisha wakaingia kwanza. Wakajipanga juu kama wenye nyumba.

Halafu tukamrudisha mwenyeji.

Alifura koo likawa kama kaa la moto. Alikwenda moja kwa moja mahali chungu kilipokuwa. Hakuna chungu. Akazunguka. Akamkaribia mmoja wa kijani, yule akaruka kando kama umeme, mwenyeji akaachana naye. Aliendelea kutafuta nyumba yake, na kadiri alivyotafuta ndivyo koo lilivyonywea. Mimi na mwanangu tulikuwa tumeshikana mikono hadi vidole vinauma.

Jumapili asubuhi nilisikia kelele kabla sijafungua macho.

"Watano! Mama, wako wote watano, na yeye wa sita!"

Alipiga kelele hadi nje, na ndipo wale watoto wanne wa ploti walipokuja mlangoni, wakinyoosha shingo. Mkubwa wao, yule yule wa "rudi Bungoma," akaingia akakalia stuli ya binti yangu, mbele kabisa ya kioo. Nilikuwa na sufuria ya chai mkononi. Nilifungua mdomo nimtoe.

Binti yangu akanitangulia. "Inuka. Nyote simameni kwanza." Akavuta stuli akaipeleka ukutani, akasogeza meza, akakunja mkeka akautandika upande mwingine. Walimtazama bila kuelewa.

"Sasa kaeni popote," akasema. "Hapa si kwa mtu yeyote."

Wakakaa. Naye akakaa katikati yao.