Harufu ya Marashi Sebuleni

Bado naona aibu kupita mbele ya majirani, lakini afadhali mnisikie mwenyewe kabla hawajawahadithia wao.

Mume wangu alikuwa ameenda kwao Handeni, nimebaki peke yangu hapa Old Korogwe. Baada ya magharibi, sebule ikajaa harufu ya marashi, nami sikuwa nimejipaka kitu. Sisi tumelelewa tukijua kwamba harufu nzuri isiyo na mwenyewe haiulizwi, maana ukiuliza, mwenyewe ataitika. Sikuuliza.

Asubuhi haikuwepo. Jioni ikarudi. Nilipopenyeza kichwa nyuma ya pazia nifunge dirisha gizani, tone linalonata likanidondokea shingoni. Nilitoka mbio bila viatu.

Nikamwita ustadhi, mzee wa makamo, na jirani yangu Mama Zaina akaja na wenzake. Ustadhi akasoma, sisi tumeshikana mikono. Harufu ikazidi.

"Inatoka nyuma ya pazia," akanong'ona ustadhi.

Nikafumba macho. Mama Zaina akalivuta pazia, kisha akapaza sauti:

"Wewe! Hii si ile hoya niliyokuletea kutoka Vugiri?"

Nikafumbua jicho moja. Mmea wangu wa kutambaa, niliouning'iniza dirishani kisha nikaususa kwa kukataa kuchanua, ulikuwa umetoa kishada cha maua yanayong'aa kama nta, yanayonukia usiku tu na kudondosha utomvu mtamu.

"Haya mwanangu," akasema ustadhi, "msalimie mgeni wako."

Nami nikaliinamia ua mbele ya watu wote:

"Shikamoo."