Siku Wajapani Walipopiga Deki

Nilitoka Tanga kwa basi hadi Dar es Salaam, nikaruka hadi Addis Ababa, nikalala pale kwenye viti vya chuma vya uwanja wa ndege kwa sababu ndege ya kuunganisha ilikuwa na hitilafu ambayo hakuna aliyetaka kutueleza. Nilipofika Maskati shingo yangu ilikuwa imepinda upande mmoja. Mtu aliyekuja kunipokea aliniuliza, kwa Kiswahili safi cha Unguja, kama shingo hiyo nimezaliwa nayo.

Huyo ndiye alikuwa mwajiri wangu. Tulimwita arbabu, kama vibarua wa Ghuba wanavyowaita waajiri wao wote. Wazee wake walimleta Omani kutoka Unguja akiwa mtoto wa kubebwa, na sasa alikuwa na karakana Ghala, mtaa wa gereji na viwanda, ya kutengeneza mitambo mikubwa ya kupoza hewa, ile inayokaa juu ya mapaa ya hoteli. Mimi nilikuwa dereva. Nililala Wadi Kabir, chumba kimoja na fundi wa Mombasa aliyefanya kazi karakana hiyohiyo, mtu wa kuota kwa sauti kubwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi Mombasa, Moroni na Juba, na kote nilikoondoka niliondoka mwenyewe, kabla watu hawajanizoea. Maskati ilikuwa mahali pa kwanza nilipotaka kubaki. Ungeweza kusimama dukani Ruwi ukawasikia bibi wawili waliovaa kama Waarabu watupu wakizozana kwa Kiswahili juu ya ndizi mbivu, ukajiona uko nyumbani bila mtu kukuomba mchango wa harusi. Kwa mtu wa zaidi ya miaka arobaini, asiye na kwake, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini kibali changu cha kuishi kilikuwa kinakaribia kwisha, na wa kukihuisha alikuwa arbabu peke yake. Akanipa sharti.

“Wanakuja vijana wa Kijapani kujifunza mitambo yetu,” alisema. “Wanafunzi wa uhandisi, wenye shahada wanaotafuta shahada nyingine. Na profesa wao. Wiki nzima wako mikononi mwako. Wakenda zao wameridhika, nnakuandikia kibali. Wakenda na neno, yakhe, na wewe utawafuata.”

“Waridhike na nini, arbabu?”

“Na kila kitu. Watu wale wakiridhika huinama. Wewe tazama wakiinama.”

Karakana ikapambwa. Sakafu yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi, na mtu mwenye akili angeisafisha. Arbabu aliipaka rangi ya kijivu juu ya mafuta. Mafundi wakapewa kofia ngumu mpya zenye karatasi za dukani bado zimebandikwa, wakaambiwa wasizibandue, zionekane mpya.

“Hii rangi,” akasema fundi wa Mombasa, “itakaa kama poda kwa uso wa bibi harusi anayetoka jasho.”

Wajapani wakaja. Siku ya kwanza niliwahi hotelini, nikawakuta wameshajipanga mlangoni, mashati meupe, vitambulisho shingoni. Kesho yake nikawahi zaidi, nikawakuta. Siku ya tatu nikaacha mashindano. Waliniinamia mimi, wakamwinamia bawabu, na kama macho hayakunidanganya, waliliinamia na gari. Takataka zao walizitia mifukoni, maganda ya pipi na mirija ya kunywea juisi, wakazunguka nazo mji mzima kama watu wanaohifadhi urithi.

Jioni, garini, walikuwa na ibada yao. Kila mmoja ilimbidi aseme amekosea wapi siku hiyo. Mmoja alijutia kumwuliza profesa swali refu. Mwingine alisinzia njiani, akaomba radhi kwa wote, pamoja na mimi niliyekuwa nimemwonea wivu. Nilimwuliza kiranja wao, kijana mwembamba mwenye Kiingereza cha taratibu, wanafanyaje mtu akimaliza siku bila kosa.

“Anatafuta,” alinijibu, “mpaka apate.”

Siku ya mwisho arbabu aliandaa chakula cha kuwaaga, wali na nyama ya mbuzi, ofisini ghorofa ya juu. Yeye mwenyewe alikwenda kumchukua shemeji yake, mtu mwenye cheo serikalini, aje aone jinsi karakana ya ukoo inavyotembelewa na wasomi kutoka mbali. Mimi niliachwa na wageni. Kiranja akanijia.

“Tafadhali, ufagio uko wapi?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao, katika maabara, waliotumia chumba hukisafisha kabla ya kuondoka, hata profesa. Karakana yetu wameitumia wiki nzima. Hawawezi kuiacha hivi.

Nikamweleza na mimi. Hapa mgeni hata kikombe alichonywea hakinyanyui. Mgeni akishika ufagio, mwenye nyumba amevuliwa nguo. Alinisikiliza kwa makini sana, akashukuru, akainama, akauliza tena ufagio uko wapi.

Niliwaza sharti langu. Waondoke wameridhika. Nikiwanyima ufagio wataondoka na neno. Nikawaonyesha stoo.

Nilichukua na mimi tambara la deki. Wawili wakaja, wakaninyang'anya kwa adabu, kwa mikono miwili, wakanikalisha kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha arbabu, wakanipa chai. Kisha wakapiga magoti kwa mstari, profesa akiwa katikati amekunja mikono ya shati, wakaanza kusugua.

Rangi ikaanza kutoka. Ikatoka kwa vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na chini yake mafuta meusi. Watu wengine wangeacha. Hawa walikuwa wahandisi. Walikusanyika, wakajadili, mmoja akapima unene wa tabaka kwa kifaa alichokitoa mfukoni, wakarudi magotini wakiwa na furaha kubwa zaidi, maana sasa walikuwa na tatizo la kweli.

Hapo ndipo arbabu alipoingia na shemeji yake, kanzu nyeupe, wananukia udi.

“Hawa ndio wasomi wako?” akauliza shemeji, simu mkononi akipiga picha.

“Ndio.”

“Na yule aliyekaa?”

“Dereva.”

Nyuma ya mtambo mmoja fundi wa Mombasa alishikwa na kikohozi. Arbabu alinijia karibu, akitabasamu kwa ajili ya wageni.

“Wageni wangu wako magotini, na wewe uko kitini pangu unakunywa chai?”

“Wamenikalisha wao, arbabu. Ulisema waridhike.”

“Sikusema waridhike na deki.”

Kiranja aliona kuna jambo, akaanza kuomba radhi. Kiingereza cha arbabu kilikuwa kidogo, kwa hiyo aliyetafsiri nilikuwa mimi, na sikuweza kupunguza neno kwa sababu shemeji alikuwa anakijua vizuri. Kiranja alisema dereva hana kosa, yeye alitoa mafagio tu. Mwingine akaongeza kwamba dereva alikuwa amewaeleza vizuri kwamba jambo hili ni aibu kwa mwenyeji. Profesa akamalizia kwamba lawama zote ni zake, na kwamba dereva ni mkarimu, amekunywa chai yote waliyompa. Kisha wakainama wote pamoja, matambara mikononi, chini kabisa, na wakakaa hivyohivyo.

“Wameinama, arbabu,” nikasema.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekwisha kuondoka.

Sakafu ile ilikuwa inapigwa deki kila siku na Mbangali mmoja mzee, kibarua wa kutoka Bangladeshi, kwa magoti yake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuvuliwa nguo kwa hilo. Uchafu haukumwudhi arbabu. Kilichomwudhi ni magoti ya nani. Na wale wasomi nao, waliomwinamia bawabu na gari, wiki nzima hawakumwinamia Mbangali hata mara moja. Walimkuta ameinama tayari. Jioni garini walijutia makosa yao wakaridhika. Kesho yake wakapaa, nyoyo zao zikiwa safi kuliko sakafu.

Arbabu hakunigombeza tena. “Kibali nimekiacha kiishe chenyewe,” alisema. “Khalas.” Akanipa bakuli kubwa la halua nipeleke kwetu, kama kwamba ninakwenda likizo.

Siku ya kuondoka nilipita karakana kukabidhi funguo. Ukutani pa mapokezi palikuwa na picha kubwa, imewekewa fremu: Wajapani magotini na profesa wao katikati, na chini yake maandishi ya Kiarabu na Kiingereza yanayosema hapa kazi hufanywa kwa nidhamu ya Kijapani. Mimi nilikuwa nimekatwa. Lilibaki goti langu. Wateja wawili walikuwa wamesimama wanaitazama, na arbabu anawasimulia jinsi alivyowaalika.

Fundi wa Mombasa ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Alishusha begi langu, akanipa mkono, lakini gari hakulizima.

“Usinione vibaya, ndugu yangu,” akasema. “Ameniambia nikikushusha nirudi mbio. Leo ni zamu yangu ya deki ya Kijapani, na kuna wateja wanakuja kuangalia.”